Jino la Mtu wa Miaka Hamsini

"Jino lile umelichonga wewe?"

Fundi alikuwa ameibana simu kati ya shavu na bega. Mikono yote miwili ilishika meno ya bandia ya mzee mmoja mstaafu, mbele ya mashine ya kung'arishia. Aliposikia swali, mguu wake uliondoka kwenye swichi bila kuuambia. Mashine ikanyamaza.

"Jino lipi?"

"Usinichezee akili. Jino nililopeleka kwenye usaili. Lililokuwa kwenye kikopo changu."

"Kwani limefanyaje?"

"Nimekuuliza ndiyo au siyo."

Fundi alitazama dirishani kama mtu anayetafuta jibu huko. Nje kulikuwa na ukuta wa jirani, basi.

"Msomi, nisikilize kwanza..."

"Nimeshajibiwa."

Simu ikakatika. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Kisha ikaingia meseji:

"Wanasema nimeidanganya kamati. Nirudi Ijumaa saa nne asubuhi nijieleze. Nikishindwa, ombi langu la kuhama linafutwa na kozi yangu ya sasa wanaandikiwa barua wanifukuze. Nitakosa huku na kule. Usinipigie."

Aliisoma mara tatu. Ilikuwa Jumanne mchana, na meno ya mzee yalikuwa bado mkononi mwake, yamemkenulia.

Huyo Msomi ni mchumba wake. Jina hilo alimpa mwenyewe miaka miwili nyuma, siku binti alipoingia karakana na meno ya bibi yake yaliyovunjika, yamefungwa kwenye leso. Fundi alimwambia ayaache arudi kesho. Binti akasema bibi hawezi kula, atangoja. Akangoja saa tatu, na katika saa hizo tatu aliuliza maswali mpaka Fundi akaweka kazi chini.

"Dada, wewe ni msomi au ni askari?"

"Msomi. Nipo chuo, mwaka wa kwanza."

"Unasomea kuhoji watu?"

"Nasomea sayansi ya viumbe. Udaktari nilikosa kwa alama chache, wakanitupa huko."

Mapenzi yalianzia hapo, kwenye vumbi la plasta. Fundi mwenyewe hakumaliza kidato cha pili. Ufundi wa meno ya bandia alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alipostaafu akamwachia karakana. Madaktari wa mji mzima walimletea kazi. Wazazi wa pande mbili walishaonana, wakakubaliana harusi iwe Msomi akimaliza chuo. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja.

Halafu siku moja Msomi akaja na karatasi.

"Nataka kuhama kozi."

"Kwenda wapi?"

"Udaktari wa meno. Wanafunzi wawili wameacha, nafasi zao ziko wazi. Wanachukua wanaohama kutoka kozi za sayansi."

"Si umebakiza mwaka mmoja tu?"

"Nimalize nini? Miaka miwili nahesabu miguu ya wadudu."

"Ukihama unaingia mwaka wa ngapi?"

"Wa kwanza. Masomo matatu watanihesabia, mengine naanza upya."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mitano."

Fundi alifuta kisu chake kwa kitambaa, na kisu kilikuwa kisafi.

"Na harusi?"

"Harusi haina haja ya kuhama, iko palepale," alisema huku anacheka. "Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nahesabu."

Fundi naye akacheka. Ila kicheko chake kilikatika mapema.

Masharti ya kuhama yalikuwa matokeo ya miaka miwili, sahihi ya mkuu wa idara anayotoka, usaili, na kitu kimoja ambacho kozi nyingine hazina. Kila mwombaji alipewa kipande cha nta na mchoro wa gego la chini, akapewa siku kumi alichonge jino hilo kwa mkono wake mwenyewe. Walitaka kuona kama vidole vinatii macho.

Msomi alichongea karakana, kwenye kona ya meza. La kwanza Fundi alilichukua, akaligeuzageuza kwenye mwanga.

"Hili ni jino au kiazi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu, nijue nilichemshe au nilipige mswaki."

La pili likapasuka. La tano likawa na miguu mirefu kama kiti. La tisa lilisimama. Lilikuwa limeinama upande mmoja, lakini mtu akiliona angejua ni jino. Msomi alilikumbatia kwa viganja viwili.

"Hili ndilo naenda nalo."

"Limeinama."

"Najua limeinama. Lakini ni langu."

Akaliweka kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka, alichokiosha na kukitandika pamba. Asubuhi ya usaili, Jumanne hiyohiyo, alipita karakana, akakiacha kikopo mezani, akaenda kutoa nakala za matokeo yake. Fundi akabaki nacho.

Alikifungua ili atazame tu. Akalitazama lile jino mpaka roho ikamuuma. Akavuta kipande cha nta. Kwa fundi kama yeye gego moja ni kazi ya dakika arobaini. Msomi aliporudi alikuta kikopo kimefunikwa kama alivyokiacha. Akambusu shavuni, akaondoka mbio.

Alitaka kumwambia. Lakini binti alikuwa ameshafika barabarani.

*

Dada yake Fundi ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kimepakana na karakana. Ukuta wa katikati ni wa mbao, kwa hiyo hakuna siri. Jumatano asubuhi aliingia na futi shingoni, hakusalimia.

"Wifi yangu jana alipita hapa nje, hakuingia. Macho yamevimba. Umemfanya nini?"

Fundi akamweleza. Alipomaliza, Dada alikaa kimya muda, na kwa Dada huo ni muujiza.

"Nikuulize kitu, mdogo wangu. Nijibu kama mwanaume."

"Uliza."

"Uliogopa asipate, au uliogopa apate?"

"Swali gani hilo? Nimemsaidia! Ningetaka asipate si ningeacha aende na kiazi chake?"

"Mimi nimekuona tangu alipoleta ile karatasi. Huli vizuri. Daktari akija na kazi, unamtazama kama kakukanyaga mguu. Wewe unaona huyu binti akivaa koti jeupe, kesho atakuletea kazi pale mlangoni na kukuita 'wewe fundi'."

"Dada, nenda kashone."

"Nakwenda. Lakini Ijumaa saa nne mwenzako anasimama mbele ya watu peke yake kwa kosa ambalo hakulifanya. Hilo nalo utalishona mwenyewe."

*

Msomi alikuja Alhamisi mchana. Hakuketi. Alisimama mlangoni, begi kifuani kama ngao.

"Karibu ndani."

"Hapa panatosha. Nataka kuandika barua ya kujieleza. Nieleze ulichofanya, chote."

Fundi akaeleza. Kuhusu dakika arobaini, kuhusu kikopo. Msomi alisikiliza bila kupepesa.

"Unajua walivyonikamata?"

"Hapana."

"Profesa wa kamati alilichukua, akaweka miwani ya kukuzia. Akaniuliza, 'Mwenye jino hili ana umri gani?' Nikasema sijui. Akasema, 'Ana miaka hamsini hivi, na anatafunia upande wa kulia.' Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka."

Fundi akafumba macho. Alielewa papo hapo, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Katika maisha yake hajawahi kutengeneza jino linaloonekana jipya. Wateja wake ni wazee, na jino la bandia lazima lifanane na majirani zake mdomoni, kwa hiyo akishachonga hulisugua kidogo juu, hulilaza upande mmoja, hulitia alama ya miaka ya kutafuna. Mkono umezoea, hata haumuulizi. Mchoro waliopewa waombaji ulikuwa wa gego lililoota juzi, lenye vilima vikali kama msumeno. Yeye kwenye zile dakika arobaini hakuutazama mchoro hata mara moja.

"Akasema mkono ule anaujua," Msomi aliendelea. "Kwamba miaka kumi na mbili anauweka midomoni mwa wagonjwa wake. Halafu akaniuliza, 'Binti, jino hili ni lako?'"

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

"Msomi! Kwa nini? Ulishaliona si lako!"

"Nilipofungua kikopo tu niliona. Lakini nilikuwa na nusu dakika ya kufikiri. Nikikana, ni nani aliyelichonga? Profesa ndiye mteja wako mkubwa. Nikaona nikisema si langu, nimekuua. Kwa hiyo nikadanganya." Akalikaza begi kifuani. "Wewe umebadilisha jino nikiwa sipo. Mimi nimedanganya mbele ya watu watatu, macho makavu. Sasa mwongo ni nani?"

"Nitakwenda kueleza."

"Kwanza nipe jino langu. Lile lililoinama. Niwaonyeshe kwamba nilikuwa na la kwangu."

Fundi alitupa jicho kwenye jiko.

"Liko wapi?"

Kwenye karakana hiyo nta haitupwi. Mabaki yote hurudi kwenye sufuria ndogo pale juu ya jiko, yanayeyushwa, yanatumika tena. Ni mazoea ya tangu enzi za mjomba. Siku ile, alipomaliza la kwake, mkono ulilichukua la Msomi ukalitia humo.

"Nimeliyeyusha," alisema.

Msomi alilitazama jiko. Halafu akamtazama yeye, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha duka aone kama ndipo alipokuwa anakuja.

"Siku kumi," alisema polepole. "Nimejikata vidole viwili. Ukaona ni mabaki."

"Sikukusudia..."

"Niliposema nataka kuhama, baba alisema nimechanganyikiwa. Marafiki walisema napoteza miaka. Wewe nilijua uko upande wangu. Kumbe wewe ndiye uliyeamua kabisa kwamba siwezi."

"Nilitaka upite."

"Nilitaka nipite *mimi*."

Akageuka. Alipofika kwenye ngazi akasema bila kuangalia nyuma, "Kesho ukija, usije kunisafisha mimi tu. Sema na ya kwako. Kama huwezi, baki na meno yako."

*

Ijumaa Fundi alifunga karakana kwa mara ya kwanza siku ya kazi. Alivaa shati la harusi za watu. Ilipofika saa nne kasoro kumi alikuwa kwenye korido ya kitivo, hapohapo ambapo kwa miaka hupita na boksi la kazi mkononi, anagonga, anakabidhi, anaondoka. Msomi alikuwa kwenye benchi. Hawakusalimiana. Walikaa wakiachiana nafasi, na benchi lenyewe lilikuwa fupi.

Mlango ukafunguliwa. Ndani kulikuwa na meza, watu watatu, na Profesa katikati. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya chini. Mbele yake, juu ya karatasi nyeupe, lilikaa lile jino.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Fundi. Leo hujaleta boksi."

"Leo nimeleta maneno."

"Aliyeitwa ni binti huyu. Wewe umeitwa na nani?"

"Na hilo jino."

Mmoja wa wale wawili alikohoa. Profesa akaonyesha kiti. Fundi hakukaa.

"Hilo jino nimelichonga mimi. Yeye hakunituma, hakujua. Alichonga la kwake, nikaliondoa kwenye kikopo nikaweka hili."

"Siku ile nilimuuliza kama ni lake. Alijibu ndiyo. Kwa hiyo unaniambia alinidanganya?"

Fundi hakuwa amelifikiria hilo. Akisema hapana, maelezo yake yote yanaanguka. Akisema ndiyo, amemtia Msomi kitanzi kwa mkono wake.

"Nilikudanganya, Profesa," Msomi alisema. Alikuwa amesimama. "Niliona si langu, nikajua ni la nani. Niliogopa utamnyima kazi. Asibebeshwe huo uongo, huo ni wangu."

Profesa alivua miwani.

"Fundi. Kwa nini ulifanya hivi?"

"Niliona la kwake halitapita."

"Hiyo ni sababu moja. Mtu haachi kazi ya wateja na kuchonga jino la mtihani kwa sababu moja."

Fundi alitazama viatu vyake. Maneno ya Dada yalikuwa yamemkwama kooni tangu Jumatano kama mwiba wa samaki. Akayatema.

"Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano. Yeye akihamia huku, miaka mitano atakuwa daktari, na mimi nitakuwa palepale. Nilitaka... nilitaka hata akiwa daktari, mlango alioingilia uwe nimeufungua mimi. Ili asije akaniona mdogo. Nilikuwa najiwekea akiba kwake. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na naona aibu kuisema mbele yake."

Hakuthubutu kugeuka. Alisikia tu Msomi anavuta pumzi.

Wale watatu wakanong'onezana. Kisha Profesa akafungua droo, akatoa kipande cha nta, kisu na mchoro.

"Binti, una saa moja na nusu. Kaa hapa mbele yetu. Fundi, nje."

Fundi alisimama kwenye korido saa moja na nusu nzima. Wanafunzi walipita na makoti yao meupe. Mmoja alimuuliza kama anamsubiri daktari. Akasema ndiyo, kisha akasikia alichosema.

Alipoitwa tena, jino jipya lilikuwa juu ya karatasi, kando ya la kwake. Lilikuwa limeinama. Upande ule ule. Lakini vilima vyote vitano vilikuwa mahali pake, vikali, na mfereji wa katikati ulipita sawasawa na mchoro.

"Lina kasoro," alisema Profesa. "Kasoro za mtu anayeanza, na za kuanza tunazirekebisha. Mkono anao. Kwa jino hili angepita." Akalisogeza kando. "Lakini hapa tunafundisha watu watakaowaambia wagonjwa kitu kilichopo mdomoni mwao. Wewe uliulizwa jambo dogo, ukajibu uongo bila kutetemeka. Hiyo nafasi mwaka huu sikupi. Barua kwa idara yako siandiki, endelea na masomo yako. Mwakani, hata kama umeshamaliza kozi yako, omba tena. Ukumbuke utachongea hapahapa, na utakaloulizwa utajibu."

"Asante, Profesa," Msomi alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na sauti haikutikisika.

"Na mimi?" aliuliza Fundi.

"Wewe Jumatatu njoo uchukue kazi kama kawaida. Mkono wako hauna shida. Shida ipo juu yake kidogo."

Nje, kwenye ngazi za kitivo, walisimama juani.

"Nisamehe," alisema Fundi.

"Nimekusikia mle ndani."

"Basi nisamehe."

"Sijamaliza kukasirika. Usiniharakishe."

"Sawa."

"Na usinitafute. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Fundi!"

"Sawa, sawa."

Ilichukua wiki saba. Siku ya kurudi aliingilia kwa Dada kwanza, Fundi akawasikia kupitia mbao wanacheka, na hakujua kama wanamcheka yeye. Alijua wanamcheka yeye. Kisha Msomi akaingia karakana, akavuta kiti, akaanza kuuliza maswali juu ya plasta. Hakuna aliyetaja jino.

Mwaka ukaenda. Msomi alimaliza kozi yake ya viumbe, akafaulu vizuri, na baba yake akasema sasa basi, tafuta kazi. Yeye akajaza fomu tena. Alifanya mazoezi ya kuchonga mezani kwa Dada, katikati ya vipande vya vitambaa, na Fundi alikatazwa kuingia. Kuna siku alipita na chai ya Dada, wakamfungia mlango.

Simu ililia siku ya Jumatano. Fundi aliipokea kwa mikono miwili.

"Haloo?"

"Wamenichukua."

Fundi alipiga ukuta wa mbao kwa kiganja, na upande wa pili Dada akapiga kigelegele bila kuuliza.

"Upo?" Msomi aliuliza.

"Nipo. Jino lilikuwaje?"

"Limesimama."

"Halikuinama?"

"Kidogo. Profesa kanifanyia makusudi, kaniuliza kama ni langu. Nikamwambia ni langu na kasoro zake zote. Lakini si hilo nililokupigia. Uliza jingine."

Fundi alielewa anachoambiwa.

"Miaka mitano," alisema. "Harusi tuiweke wapi? Ukimaliza?"

"Hapana."

"Katikati?"

"Hapana. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki sita. Iwe kabla ya hapo."

"Mbona haraka hivyo? Wazazi watasema..."

"Waseme. Mimi sitaki nianze kuwa daktari ndipo nikuoe, halafu maisha yako yote ujiulize kama nilikuonea huruma. Nataka nikuoe nikiwa sina hata koti."

"Mwanamke haoi, anaolewa."

"Wewe ulishaharibu zamu yako. Unakubali au hukubali?"

Fundi alijibu. Sauti haikutoka vizuri, Msomi akamwambia arudie. Akarudia kwa nguvu, na Dada aliyekuwa ameweka sikio kwenye ubao akalia, na aliporudi kwenye cherehani akakosea mshono.

Waliofunga ndoa Jumamosi ya mwisho kabla chuo hakijafunguliwa walikuwa fundi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jumatatu asubuhi mke alitangulia kutoka. Mume alimsindikiza hadi kwenye korido ya kitivo, akampa begi lake, akachukua boksi la kazi, akarudi karakana.